Dalali wa mlangoni: kuponi, kamisheni na haki ya mwenzako

Ukitafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam, dalali akakuzungusha Sinza, Tabata na Mbagala hadi ukapata unachokitaka, utampa kodi ya mwezi mmoja. Wengi tunanung'unika, lakini tunatoa, kwa sababu tunajua ametembea. Sasa chukulia kwamba nyumba umeionyeshwa na dalali huyo, umeshakubaliana na mwenye nyumba, na mkono uko mfukoni kutoa fedha. Ghafla anatokea mtu mwingine, anasimama mlangoni na kumwambia mwenye nyumba: "Huyu mpangaji nimemleta mimi, ujira ni wangu." Mtu huyo tungemwitaje?

Naliuliza swali hili kwa sababu leo dalali wa namna hiyo yupo, tena ni wengi, na wapo vijana wetu wasomi, wanaoswali, wanaojifunza kazi yake bila kujiuliza kama ujira wake ni halali. Nazungumzia udalali wa mtandaoni, na hasa matumizi ya kuponi za punguzo.

Kazi yenyewe si mpya. Amazon ya Marekani ilianza mpango wake mwaka 1996. Muuzaji humpa wakala kiungo chenye alama yake. Mteja akibonyeza kiungo hicho, kumbukumbu ndogo iitwayo kuki hubaki katika kompyuta au simu yake. Akinunua ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa Amazon kwa kawaida ni saa 24 na kwa wauzaji wengine hufika siku 30 na zaidi, wakala hupata kamisheni. Wauzaji wengi hutumia kanuni moja: kiungo cha mwisho kubonyezwa kabla ya malipo ndicho kinachohesabiwa. Hapo ndipo mlango wa fitina ulipo.

Ndugu msomaji, fikiria binti aliyekaa wiki nzima akijaribu viatu, akavipiga picha, akaandika uzuri na ubaya wake. Mteja anamsoma, anaridhika, anabonyeza kiungo chake na kufika kwenye malipo. Pale anakuta kisanduku kilichoandikwa "weka kuponi". Anasita, anakwenda kutafuta kuponi ya duka lile, anaangukia ukurasa wa mtu aliyeandika "punguzo asilimia 10, bonyeza hapa", anabonyeza na kurudi kulipa. Viatu vilikuwa Sh. 100,000, sasa ni Sh. 90,000. Kamisheni ya asilimia 5, yaani Sh. 4,500, inakwenda kwa mwenye kuponi. Muuzaji anabaki na Sh. 85,500. Binti aliyefanya kazi wiki nzima hapati hata senti moja. Mara nyingine hata hiyo kuponi haifanyi kazi, muda wake ulishapita zamani, na iliwekwa pale ili mteja abonyeze tu.

Kwa sababu hiyo wauzaji wengi wameweka masharti. Wakala atangaze kuponi alizopewa yeye tu. Asichukue kuponi iliyotolewa kwa mwingine, au iliyotumwa kwa barua pepe kwa wateja wa zamani, akaitangaza kama yake. Aondoe iliyokwisha muda. Asinunue matangazo kwa kutumia jina la duka ili amnase mteja ambaye tayari alikuwa anakwenda dukani mwenyewe.

Kijana mmoja ninayemfahamu, mchapakazi hasa, aliniambia kwamba haya ni masharti ya matajiri. Hoja zake ni tatu, na nazichukua kwa uzito kwa sababu sizisikii kwake peke yake.

Kwanza, anasema mkataba umeandikwa na upande mmoja, kurasa nyingi, na wakala hana nafasi ya kubadilisha hata nukta. Ni kweli. Aprili 2020 Amazon ilipunguza viwango vya kamisheni kwa taarifa ya siku chache tu. Samani, kwa mfano, zilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Mawakala hawakuulizwa. Lakini udhalimu wa mkataba unakupa haki ya kuukataa, kuulalamikia, au kuondoka na wenzako. Haukupi haki ya kubonyeza "nakubali" mchana kisha kuvunja usiku. Anayekataa anasema wazi kwamba hakubali. Anayevunja kwa siri anataka manufaa ya mkataba bila mzigo wake.

Pili, anasema mteja amefaidika, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Hapa hesabu ya viatu inajibu. Punguzo la mteja limetoka kwa muuzaji, na ujira wa wakala umetoka kwa mwenzake. Ukimpa maskini sadaka kutoka katika mfuko wa jirani, maskini amefaidika kweli, ila wewe hujatoa sadaka. Na pale kuponi inapokuwa mfu, hata mteja hakufaidika, amedanganywa.

Tatu, anasema mfumo wenyewe umeruhusu, kwani kiungo cha mwisho ndicho kinachohesabiwa. Hii ndiyo hoja nzito, na haitolewi na vijana wa mitaani pekee. Desemba 2024 yalitolewa madai hadharani kwamba Honey, programu ya kutafuta kuponi ambayo PayPal iliinunua mwaka 2020 kwa takriban dola bilioni 4, ilikuwa ikiweka alama yake wakati wa malipo na kuifuta ya aliyemleta mteja, hata pale isipopata kuponi yoyote. Kesi zikafunguliwa Marekani. Jibu la PayPal lilikuwa kwamba Honey inafuata kanuni na desturi za biashara hiyo, ikiwemo ya kiungo cha mwisho. Machi 2025 Google ilibadilisha masharti ya programu za kivinjari chake cha Chrome, ikakataza kuingiza viungo vya kamisheni bila mtumiaji kupata faida ya wazi.

Uamuzi wa kesi ni kazi ya mahakama. Mimi nauliza jambo la chini zaidi: je, mashine kukuhesabia kitu kunakifanya kuwa chako? Karani wa benki akikosea akakuwekea milioni moja, daftari linasema ni zako. Daftari huonyesha kilichoandikwa tu. Aliyestahili anajulikana kwa kazi iliyofanyika.

Wanazuoni wetu walilizungumza suala la ujira wa dalali zamani sana. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu juu yake, na ametaja kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Katika mlango huo huo akataja msingi kwamba Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyowekwa pamoja: uhalali wa ujira na utii wa sharti. Riwaya ya Tirmidhi inaongeza mpaka, kwamba sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali halifungi. Je, sharti la kutotangaza kuponi ya mtu mwingine linahalalisha haramu gani? Hakuna. Linalinda jasho la mtu.

Haya hayamaanishi kwamba kila anayetangaza kuponi ni mwizi. Muuzaji mwenye mzigo uliolala stoo anaweza kumpa wakala kuponi maalumu awatafute wanaosubiri bei ishuke. Wakala huyo amemleta mtu ambaye asingenunua, na anastahili ujira wake wote. Na muuzaji naye ana wajibu: aandike masharti kwa lugha inayoeleweka, alipe kwa wakati, na asifute kamisheni ya kazi iliyokwisha fanyika kwa kisingizio kilichobuniwa baadaye. Anayedai uaminifu kwa wakala huku akimdhulumu hana hoja.

Aidha, nawakumbusha vijana kwamba hila ndogo hukua. Marekani, mwaka 2008, eBay iliwashtaki mawakala waliopandikiza kuki kwa siri katika kompyuta za watu ambao hawakubonyeza kiungo chochote, wakawa wanalipwa kwa wateja ambao hawakuwaleta. Mambo yakawa ya jinai, na mwaka 2014 wawili kati yao walihukumiwa vifungo, mmoja miezi 5 na mwingine miezi 15. Ukiuliza tofauti yao na dalali wa mlangoni, utakuta ni ya kiwango tu. Wote wamelipwa kwa mteja aliyekuja bila wao.

Najua ninawaambia haya watu wenye dhiki. Ajira hazipo, na kwa kijana wengi kamisheni ya kwanza ndiyo fedha ya kwanza kuipata bila kumpigia mtu magoti. Ndiyo maana nataka iwe safi. Kipimo si kigumu, na hakihitaji kusoma kurasa arobaini za mkataba. Kabla ya kutangaza kuponi jiulize: imetolewa kwangu? Inafanya kazi leo? Na kama nisingekuwepo, mteja huyu angenunua vilevile kupitia kwa mwenzangu? Ukikosa jibu safi kwa lolote kati ya hayo, iache, hata kama hakuna atakayekugundua. Yule binti wa viatu hatajua kamwe ni nani aliyechukua Sh. 4,500 zake, na kwa sababu hajui, hawezi kukusamehe hapa duniani. Hilo ndilo linalopaswa kututisha.

Wallahu a'alam.