Je, Aliyepewa Mguu Aseme Unamwumiza?

Tunao ndugu kati yetu waliopewa miguu ya bandia, na miguu hiyo imekaa nyuma ya mlango. Tunasikia minong'ono: wamepewa bure, mbona hawavai? Neno hilo tunaona si la haki.

Shida kubwa iko kwenye soketi, yaani ile sehemu kama kikombe inayopokea kigutu. Kigutu ni nyama hai. Jioni huwa kimepungua kuliko asubuhi. Soketi ikikandamiza mfupa, ngozi huchubuka, kisha kidonda.

David Sengeh ni mtoto wa Sierra Leone, nchi iliyokuwa vitani tangu 1991 hadi 2002, ambako watu wengi walikatwa mikono na miguu. Aliona wengi hawavai viungo walivyopewa, kwa sababu ya maumivu. Alipokwenda kusoma MIT, Marekani, alipiga vigutu picha za MRI, zinazoonyesha nyama na mfupa wa ndani, na kompyuta ikakokotoa pa kulainisha soketi na pa kuikaza. Mwalimu wake, Hugh Herr, mwenyewe alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti baada ya baridi kali ya mlimani mwaka 1982. Siku hizi watafiti, kama wale wa Southampton, Uingereza, huifundisha kompyuta kwa kumbukumbu za vigutu na soketi za watu waliotangulia, ili impe fundi umbo la kuanzia. Tunashukuru, maana mafundi ni wachache.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kompyuta hujifunza kwa waliopimwa, na kwa waliosema panapouma. Anayenyamaza akiogopa kuitwa asiye na shukrani hayumo katika hesabu hiyo. Tena vigutu vya hapa hulima, hupanda kilima na ndoo ya maji. Si sawa na cha mtu wa ofisini.

Someni Marko 8. Yule kipofu wa Bethsaida aliulizwa kama anaona, naye akasema kweli: watu walionekana kama miti. Angeweza kusema asante akaenda zake na macho nusu! Hakukemewa; aliwekewa mikono mara ya pili.

Basi mafundi watakapokuja, ndugu zetu wavue soketi, waonyeshe kidonda. Wazee wa kanisa wachague mtu wa kukaa nao atafsiri, kwa sababu fundi huenda hasikii Kibembe wala Kirundi, na mama mzee hawezi kueleza uchungu wa mwili wake kwa ishara za mikono.