Kosa Halitoshi Kutajwa

Anayejua kosa lako lilipo, akakwambia tu kwamba umekosea, amesema kweli. Lakini je, amekutendea haki?

Nafundisha vijana kuandika programu hapa Bukoba. Kadhaa wanatoka Muleba, na mifano yao huitoa nyumbani: kilo za kahawa, bei, jumla ya malipo. Kila wanachoandika hupitia kwenye kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine. Ikikuta kasoro, inagoma na kutoa ujumbe. Kwa miaka mingi, ukisahau kufunga mabano katika Python, mara nyingi ulijibiwa kwa maneno mawili tu: sintaksia batili. Tena mshale ulielekea mstari unaofuata, usio na kosa lolote. Kijana anaufuta mstari ulio sahihi, anauandika upya, anajibiwa yaleyale. Toleo la 3.10, la mwaka 2021, ndilo lililoanza kusema wazi kwamba mabano hayakufungwa, likionyesha pale yalipofunguliwa.

Java nayo humwambia mwanafunzi, kwa Kiingereza, kwamba mwanzo wa usemi wake ni kinyume cha sheria. Sheria gani jamani? Ameweka neno mahali pasipo pake, basi.

Wapo wanaosema ugumu humkomaza mtu. Ugumu wa hesabu, sawa. Ila kunyimwa maelezo hakukomazi. Kunamfundisha mtu kujidharau. Fikiria karani wa chama cha msingi anayemwambia mkulima, "Kahawa yako haifai," kisha akanyamaza. Mwenzake anasema, "Mzee wangu, bado ina unyevu, kaianike tena." Wote wawili wamelikataa gunia. Mmoja amemrudisha mkulima nyumbani na aibu, mwingine na kazi ya kufanya.

Hata hivyo, uwazi nao una mpaka. Kompaila inaona ulichoandika, haioni ulichokusudia. Ikikisia vibaya, inakupoteza kwa upole. Ndiyo maana naipenda ile ya Rust: huonyesha mahali, hueleza sababu, na ikiwa na ushauri, huutoa kama ushauri. Kwangu haki ya anayekosolewa iko hapo: aambiwe yote yanayojulikana, asiuziwe kisio kama ukweli.

Na sisi tunaohakiki vitabu vya watu, tukiandika "riwaya imepwaya" bila kutaja hata sura moja, tuna tofauti gani na ile Python ya zamani?