Malaika Hakumkemea Eliya

Andiko: 1 Wafalme 19:1-18



Kuna dada mmoja hapa kwetu (amenipa ruhusa niseme) ambaye kila Jumapili huketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Wahudumu wakimwita mbele, anakataa. Mimi mwenyewe nilisema hana moto. Siku moja akaniambia, "Pasta, mwaka wa 2008 nyumba yetu ilichomwa tukiwa ndani. Popote nikiingia, lazima kwanza nijue nitatokea wapi." Nilinyamaza. Kisha nikamwomba msamaha.

Wapendwa, huko si kukosa imani. Hicho ni kiwewe. Hatari ilipita lakini mwili haujapata habari. Kishindo kidogo tu, moyo unaenda mbio. Usingizi unakatika, hasira inapanda, na uchaguzi ukikaribia yote yanarudi. Mimi nilisomea biashara: deni usiloliandika vitabuni halifutiki, linazaa riba. Mara nyingi wanaolipa ni watu wa nyumbani kwako.

Tazama Eliya. Ametoka Karmeli, ameona moto ukishuka kutoka mbinguni. Yezebeli anamtishia, naye anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Je, malaika alimkemea? Hapana. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Kule Horebu, Mungu anayejua yote alimuuliza anafanya nini pale. Eliya akamwaga ya moyoni. Mungu akauliza tena swali lile lile, Eliya akarudia yale yale, na Mungu hakumkatiza. Kisha akampa Elisha, asitembee peke yake.

Mshauri nasaha hufanya kazi ya namna hiyo. Anakupa mahali salama, unasimulia kidogo kidogo kwa mwendo wako, hadi siku ile ibaki kumbukumbu, isikuvamie tena. Anakufundisha kutulia hofu inapokuja. Haiishi kwa siku moja. Na kumwona si kumkana Yesu, vile kufungwa plasta mguu uliovunjika si kumkana.

Wiki hii, kama umebeba jambo, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na uulize hospitali iliyo karibu kuhusu ushauri nasaha. Tutaomba nawe ukienda na ukirudi.

Dada yetu ameanza kwenda. Bado anaketi karibu na mlango. Wahudumu, kiti hicho mwekeeni.

Amina.