Utatu: Tuwajibu kwa Wanachoamini

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka wangu wa kwanza hapa Uganda nilikaa chumba kimoja hosteli na kijana Mkristo kutoka Bukavu. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Usiku mmoja nilimwambia, "Ninyi mnaabudu miungu watatu: Mungu, Yesu na Maryamu." Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Nani amekwambia hivyo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyasikia kwenye mihadhara, nikayabeba kama yalivyo.

Je, ni haki kumpinga mtu kwa jambo asiloliamini, hata kama sisi tuko kwenye haki? Surat al-Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Naona uadilifu huo hauishii mahakamani. Maneno tunayomwekea mtu mdomoni nayo yataulizwa.

Imamu al-Ghazali alipotaka kuwapinga wanafalsafa, alikaa akisoma vitabu vyao, akaandika Maqasid al-Falasifa kueleza wanachosema. Ndipo akaandika Tahafut al-Falasifa kuwajibu. Kwake yeye, kumjibu mtu kabla ya kumwelewa ni kurusha mshale gizani.

Basi Wakristo wanasema nini? Wengi wao wanasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Maryamu hayumo. Itikadi hiyo ilipewa sura yake katika mitaguso ya Nikea, mwaka 325, na Konstantinopoli, mwaka 381. Aya ya 116 ya al-Maida inakanusha kwamba Isa aliwaamuru watu wamfanye yeye na mama yake miungu. Haikusema kuwa huo ndio Utatu.

Wengine wetu hukimbilia 1 Yohana 5:7. Ni kweli, maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni hayamo katika nakala kongwe za Kiyunani, na Erasmus hakuyatia katika chapa yake ya mwaka 1516. Lakini Mkristo aliyesoma analijua hilo, naye atakupeleka Mathayo 28:19. Hapo mjibu kwa hoja: aya hiyo inataja majina matatu, haisemi kwamba hao watatu ni Mungu mmoja.

Tofauti yenyewe iko kwenye neno moja. Surat an-Nisaa aya ya 171 inamwita Isa neno la Allah, na Yohana 1:1 inazungumzia Neno. Kwa Wakristo, Neno ni Mungu na halikuumbwa. Kwetu, Isa ni neno kwa kuwa aliumbwa kwa amri ya "Kuwa", kama Adam, kwa mujibu wa Aal Imran aya ya 59. Hapo njia zinaachana, na aya ileile ya an-Nisaa inatukataza kusema "watatu", hata waelezwe kwa lugha laini namna gani.

Nilimwomba mwenzangu radhi kwa kumsingizia. Imani yangu sikuiombea radhi. Tukaanza upya na lile Neno, tukakesha. Hatukukubaliana, lakini usiku ule kila mmoja alimjibu mwenzake kwa alichokisema. Nami nilijua, kwa mara ya kwanza, kwa nini nasema Allah ni Mmoja.

Wallahu a'lam.