Mpira wa Breki na Kengele ya Kung'aa



Juma lililopita nilikuwa kwa fundi baiskeli mjini Muleba, nikamkuta kijana mmoja, mchukuzi wa ndizi, akibishana na fundi juu ya tairi. Fundi alikuwa ameweka matairi mawili chini mbele yao. Moja lilikuwa la bei nafuu, na jingine lilikaribia kuwa mara mbili ya bei hiyo. Kijana akanigeukia, kama watu wanavyotugeukia walimu hata tukiisha kustaafu, akasema: "Shikamoo, Mwalimu. Hebu tuamue. Hili la ghali linastahili fedha hizo, au ni jina tu?" Nilimjibu upesi, na jibu langu, kama mtakavyoona, halikumsaidia. Lakini swali lenyewe nilirudi nalo nyumbani, maana lilinikumbusha jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi.

Sisi wa umri wangu hatukulelewa na swali la namna hii. Nilipoanza kufundisha mwaka 1984, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini uhaba wa bidhaa ulikuwa haujakwisha. Mtu aliyepata tairi hakuuliza kama ni bora. Alishukuru kwamba lilikuwa la mviringo. Cheni iliyokatika iliungwa, na tyubu ilibandikwa kiraka juu ya kiraka. Leo vipuri vimejaa madukani, vya China na vya India, vya bei ya chini na vya bei ya juu, na pamoja navyo umekuja mzigo mpya, yaani mzigo wa kuchagua.

Nami niliwahi kuchagua vibaya. Ilikuwa mwaka 1994, karibu na Krismasi. Nilikuwa na fedha kidogo za kutengeneza baiskeli yangu. Nilinunua kengele ya kung'aa na taa ya dinamo, kwa sababu mwalimu, nilijiambia, hawezi kwenda kanisani na baiskeli isiyo na heshima. Zilipobaki shilingi chache nikanunua mipira ya breki, nikachagua ile ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa migumu kama plastiki. Niliiona kuwa migumu, nikaifunga hivyo hivyo.

Baada ya siku chache nilimtuma mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, apeleke mikungu miwili ya ndizi Muhutwe. Alikuwa na miaka 15. Mnajua ule mteremko wa kutoka Kamachumu. Na mnajua mvua zetu: Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, wastani wa karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ringi ya chuma ya kung'aa ikilowa maji huteleza, na mpira mgumu hauishiki. Tena ipo kanuni ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiifundisha ubaoni: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne, na mzigo nao huongeza yake. Mtoto alibana breki, baiskeli ikaendelea. Alipoona kona imekaribia akajitupa kwenye ukingo wa barabara.

Mkono wake wa kuume ulivunjika, na haukunyooka tena sawasawa. Alikuwa na nia ya kujifunza useremala, na nia hiyo ikaishia hapo. Nilipofika kumwona, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mjomba, usiogope, baiskeli haikuharibika sana." Na kweli, haikuharibika. Kengele ilikuwa nzima.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimejua kwamba fedha niliyodhani nimeiokoa sikuiokoa. Niliihamisha tu kutoka mfuko wangu na kumfanya mtoto ailipe kwa mkono wake.

Mtu anaweza kusema, basi somo ni rahisi: nunua cha ghali daima. Hata mimi nilidhani hivyo, nikaangukia kosa la pili. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa na baiskeli nyingine ya breki za waya, nilinunua kwa bei kubwa ringi ya aluminiamu, nyepesi, nyembamba, nzuri kwa macho. Niliambiwa kwamba ringi za aina hiyo hushikwa na breki wakati wa mvua vizuri kuliko za chuma, na hilo ni kweli. Lakini ile niliyonunua ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa mashindano, wanaopita kwenye lami bila mzigo. Mimi niliipitisha kwenye mawe nikiwa na gunia la kahawa kwenye keria. Haikumaliza miezi miwili ikapinda, na tairi la kuitosha halikupatikana Muleba wala Bukoba. Fundi aliigeuza-geuza mkononi, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, kitu hiki ni kizuri, ila hakikuzaliwa kwa kazi yako."

Kwa hiyo bei peke yake si shahidi wa kuaminika. Bei ya juu huweza kuwa malipo ya chuma kizuri. Huweza pia kuwa malipo ya jina, ya rangi, au ya wepesi usiotuhusu. Yule mjenzi wa mnara tunayemsoma katika Luka 14 alipaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Lakini katika kuhesabu, tuhesabu nini? Napenda kuweka mbele yenu maswali matatu ambayo mimi hujiuliza sasa.

La kwanza: kitu hiki kikivunjika, ataumia nani? Kengele ikiharibika, utapiga kelele kwa mdomo. Kiti kikichanika, utashonea kitambaa. Lakini breki, usukani, ekseli ya mbele na tairi la mbele vikishindwa, anaumia mpandaji, na pengine mama aliyeketi nyuma, au mtoto anayevuka barabara. Hapo ndipo fedha ya nyongeza inapostahili, hata ikiuma.

La pili: kikichakaa, kitaharibu nini kingine? Cheni dhaifu hurefuka upesi, na ikirefuka hula meno ya gurudumu la meno, ukalazimika kununua vyote viwili. Gololi za chuma hafifu hupasuka na kuchimba vidonda ndani ya kitovu cha gurudumu. Katika vitu vya namna hiyo, cha bei ndogo hula cha bei kubwa.

La tatu: je, kinafaa kwa barabara yangu na mzigo wangu, na fundi wangu ataweza kukitengeneza? Kipuri cha ghali kisicho na mwenzake madukani ni sawa na mgeni asiyejua lugha ya nyumba.

Haya ndiyo niliyomweleza yule kijana wa ndizi, tena nikamwandikia hesabu kwa kijiti mavumbini. Tuseme, nilimwambia, tairi la shilingi 10,000 linadumu miezi 5, na tairi la 18,000 linadumu miezi 15. Katika miezi 15 utanunua la kwanza mara tatu, yaani 30,000. La pili utalinunua mara moja. Umepata faida ya 12,000. Nilifurahi kama mtu aliye darasani.

Kijana aliitazama hesabu, akasema: "Mwalimu, hesabu yako ni sahihi. Lakini leo nina elfu kumi na mbili, na unga wa nyumbani bado haujanunuliwa."

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nimemfundisha asichopungukiwa. Hakupungukiwa akili, alipungukiwa shilingi elfu sita, na unga. Huu ndio uchungu wa umaskini: maskini hulipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kile kile, kwa kuwa hawezi kulipa kwa mara moja. Tunapenda kusema kwamba rahisi ni ghali. Ni kweli, lakini mara nyingi anayeisema methali hiyo ni yule mwenye uwezo wa kukwepa cha rahisi. Kumwambia hivyo asiye na uwezo, kisha kwenda zetu, ni kumwongezea mzigo juu ya mikungu aliyo nayo.

Basi nadhani swali la kijana lina nusu mbili. Nusu moja ni yake: achague kwa busara, aanze na breki kabla ya kengele. Nusu ya pili ni yetu. Mwenye baiskeli anayewakodisha vijana na kupokea fedha kila jioni, je, breki zile angempa mwanawe? Muuza duka anayejua kwamba kipuri ni hafifu, anamwambia mnunuzi ukweli au anasema "hiki ni imara, chukua"? Na sisi katika mabaraza yetu ya kanisa, tunapomnunulia mwinjilisti baiskeli ya kuzungukia mitaa, tunachagua kwa kuangalia safari zake za mvua, au kwa kuangalia kiasi kitakachobaki katika hesabu ya mwaka? Anayekata gharama si vibaya akaanza kwa kujiuliza kama yeye ndiye atakayepanda chombo hicho mteremkoni.

Siku ile kwa fundi tulifanya jambo dogo. Fundi alikubali kupokea nusu ya bei ya tairi zuri, na iliyobaki ilipwe kidogo kidogo kila siku ya soko. Mimi nikasimama kuwa mdhamini. Kijana akaondoka na tairi lake, na fedha ya unga ikabaki mfukoni. Sikufanya tendo kubwa. Nilikuwa nalipa deni la zamani, tena sehemu yake tu.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto, analima kibanja chake. Akija kunisalimu hunipa mkono wa kuume, ule ule uliopinda. Na kila nikiushika hukumbuka bei ya mipira ile miwili ya breki.