Jua la Wote, Betri ya Mmoja

Katika nchi za baridi, anayetegemea umeme wa jua kupasha nyumba yake joto hukabiliwa na kitendawili: jua hupungua majira yale yale anapolihitaji zaidi. Kwangu, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, ambako nguzo za umeme hazijafika, haja si joto bali taa. Lakini kitendawili ni kile kile. Mawingu ya Januari yakitanda siku tatu, betri hubakiza mwanga wa usiku mmoja. Ndipo jirani hupiga hodi: mtoto ana homa, anaomba taa.

Je, ninadaiwa? Paneli nilinunua kwa fedha za korosho zangu. Jua sikulinunua.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana, wakidai gesi ya kwao iwafae wao kwanza kabla ya kupelekwa Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Nami nasema: adaiye fungu katika asichokiumba hawezi kumnyima jirani fungu kama hilo. Basi taa na iende kwa mwenye mgonjwa, nami nilale gizani. Hiyo si sadaka, ni deni.