YAI LA MWENZIO

Amma baad. Katika Shaabani iliyopita nilialikwa Kapsoit, huko kwenye mashamba ya chai, katika barabara ya Kericho kwendea Kisumu, nikafungishe ndoa ya kijana wa kwetu afanyaye biashara huko. Baada ya walima, mama mmoja mwenyeji wa Mombasa, aliyeolewa huko, aliniuliza nyuma ya pazia: "Sheikh, nina miaka kumi na miwili katika ndoa wala sijapata kuitwa mama. Daktari asema mayai yangu ya uzazi yamekwisha. Ndugu yangu wa tumbo moja ameridhia kunipa yake. Yafaa?" Nikamjibu neno moja: "Haramu." Akanyamaza. Njiani nikirudi niliona kwamba hukumu ni ile ile, lakini sikumjibu kama impasavyo mtu aliyesoma. Basi naandika hapa niliyopaswa kumwambia.

Kwanza, kutamani mtoto si dhambi, wala si upungufu wa imani. Nabii Zakariya alimwomba Mola wake mtoto hali mifupa imekwisha kudhoofika na mkewe ni tasa, na kisa chake kimo katika Sura Maryam. Wala kutafuta dawa si kushindana na Mungu. Tangu mwaka 1978, alipozaliwa Uingereza mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya tumbo, wanavyuoni wamelichungua jambo hili. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haqq, Mufti wa Misri, alitoa fatwa kuwa yafaa, ikiwa mbegu ni ya mume, yai ni la mkewe, na ndoa yao iko. Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu, ilipokutana Amman mwaka 1986, ilikubali vivyo hivyo, ikakataza kila njia aingiayo mtu wa tatu. Dawa hiyo haiko mbali nasi: watoto wa namna hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006. (Na hapa niseme kwamba wako waume wa kwetu waitao wake zao tasa, na wao wenyewe hawajapata kupimwa hata mara moja.)

Kwa nini basi mtu wa tatu akatazwe? Kwa ajili ya nasaba. Wenyeji wa huko Kapsoit, Wakipsigis, wana ada yao ya kale: mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wazaliwao huwa wa nyumba yake. Ada kama hii iko kwa jirani zao Wanandi pia, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, hapa hapa mjini kwetu, iliitambua katika daawa ya mirathi. Dini yetu haikubali ndoa hiyo. Lakini jambo moja wametushinda: hawafichi. Mji mzima wajua nani alitoa ng'ombe na nani alizaa. Biashara ya mayai hospitalini si hivyo. Hutafutwa wasichana, aghalabu wenye haja ya fedha, wakadungwa sindano siku kadha ili mayai yapevuke mengi kwa pamoja, kisha jina la mwenye yai likafichwa. Huyo mtoto atakapooa, nani atamwambia kuwa mchumba wake si dada yake?

Mama yule atasema: langu si la siri, ni ndugu yangu. Hapo ndipo pagumu zaidi. Sura an-Nisaa imeharimisha kuoa ndugu wawili kwa pamoja, na mtoto huyu atatokana na mbegu ya mume na yai la shemeji yake. Kweli, hapana aliyemgusa mwenziwe, wala sisemi kuwa hii ni zinaa. Na mtoto hana kosa lolote. Lakini mamaye ni nani? Sura al-Mujadila yataja kuwa mama ni yule aliyezaa, na wako wanavyuoni waliosimama hapo. Wengine wasema mama ni mwenye yai. Mtoto atasimama kati ya mama wawili, na siku ya kugawanya mirathi ndugu watageuka mahasimu. Hata kwa wake wenza jambo hili halikutulia: Majmaa ya Makka mwaka 1984 ilijuzisha mimba ya mke mmoja ibebwe na mwenziwe, na mwaka 1985 ikarejea katika kauli yake. Sikufichi kuwa Ayatollah Khamenei wa Iran alijuzisha kutoa yai, mwaka 1999, kwa masharti; nami sikufuata kauli hiyo kwa sababu hizo nilizotaja.

Ama kupandikiza viungo, Majmaa ilipokutana Jeddah mwaka 1990 iliharimisha vifuko vya mayai na korodani, kwa kuwa hivyo hubeba nasaba ya mwenyewe hata vikiwa mwilini mwa mwingine. Kizazi hakibebi nasaba, basi mas-ala yake ni mengine. Mwaka 2000 Jeddah mwanamke alipandikizwa kizazi kikaondolewa baada ya siku 99, na mwaka 2014 mtoto alizaliwa Sweden kutoka katika kizazi cha kupewa.

Bado upo mlango wa kafala, kulea asiye na mlezi bila kumbadilisha jina la babaye, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja. Wengi huuogopa kwa kuwa mtoto akibaleghe si maharimu. Dawa yake imo katika madhehebu yetu ya Shafii: kunyonya mara tano kabla ya kutimia miaka miwili. Mtoto wa kike akinyonyeshwa na dada wa mume, mume huwa mjomba wake. Na wa kiume akinyonyeshwa na ndugu wa mke, mke huwa mama yake mdogo au mkubwa, wala hana haja ya kujifunika mbele yake.

Waraka huu nimempelekea mumewe, ausome pamoja na mkewe. Na yule ndugu aliyekuwa tayari kutoa yai, nimesikia kuwa yeye mwenyewe ananyonyesha hivi sasa.